Jiwe la Mtungi wa Kabichi

Baba mkwe wangu, Mzee Mi Fulai, hana ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa jimbo zima la Hebei. Muulize tu. Atakwambia watu wa Hebei wanaongea kama wana mafua, mbuzi wao wamekonda, na siki yao haifai hata kuoshea sufuria. Haya yote huyasema akiwa amekaa kizingitini kwetu na bakuli la uji wa mtama mkononi, anaitazama Hebei yenyewe, maana Hebei iko ng'ambo ya korongo. Mbwa wetu wakibweka, wa kule wanajibu.

Na mke wake katoka huko huko ng'ambo. Mama mkwe wangu, Guilian, aliletwa kwetu juu ya punda akiwa msichana, wakashuka korongo na kulipanda, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri. Kwa hiyo mzee amelala na Hebei kitanda kimoja zaidi ya miaka hamsini, amekula chakula cha Hebei asubuhi na jioni, amezaa na Hebei watoto watatu, na bado anaisema.

"We mzee," Mama humkatisha, "hebu waambie watu ulizaliwa wapi."

"Shanxi! Kwani wapi tena?"

"Mwongo. Ulizaliwa Chahar, kama mimi, kama kaka yangu."

Hapo mzee hunywa uji. Ni kweli. Nchi hii yote ya udongo wa manjano, huku kwetu na kule kwao, na milima inayofuata mpaka unapoanza upepo wa Mongolia, zamani ilikuwa jimbo moja likiitwa Chahar. Mwaka 1952 wakubwa wakaamua halina kazi, wakalivunja. Waligawana kama nyama ya harusi, huyu paja, huyu mbavu, na korongo letu likawa mfupa uliopasuliwa katikati. Mama anasema alilala mtoto wa Chahar, akaamka mtoto wa Hebei, na uji ulikuwa ule ule.

Wazee wa vijiji viwili vyetu hawakungoja serikali iwaletee alama. Walichonga jiwe wenyewe, ukubwa wa mto wa kulalia, upande mmoja wakaandika Shanxi na upande wa pili Hebei, wakalisimika kwenye shingo ya mlima panapopita mbuzi, chini ya ule mnara mkongwe uliobomoka wa kuwashia moto wa hatari. Jiwe lilikaa pale zaidi ya miaka arobaini. Kisha serikali ikaleta jiwe lake, refu, lenye namba, lililokatwa kwa mashine, na lile la wazee likakosa ajira. Mama alikwenda akalichukua, akalisugua kwa majivu, akaliweka kwenye mtungi wa kabichi. Kwetu kila vuli tunapanga kabichi mtungini kwa chumvi, na juu yake lazima pawe na jiwe la kuikandamiza, la sivyo inaelea na kuoza. Mama anasema katika historia yote ya utawala wa sehemu hizi, hakuna kiongozi aliyefanya kazi ya maana kama hilo jiwe.

Sasa niwaambie kuhusu harusi yangu, maana ndiyo iliyoleta balaa.

Kwetu mjomba wa bwana harusi ndiye mtu mkubwa kuliko wote siku hiyo. Anakaa kwenye kiti cha kichwa cha meza, uso kuelekea mlangoni, na asipogusa vijiti vyake hakuna anayekula, hata kama njaa inamtoa roho. Mjomba wa mume wangu ni Ge Shuanzhu, kaka yake Mama. Alivuka korongo alfajiri na koti jipya. Lakini siku ile baba mkwe alikuwa amemwalika pia bwana mmoja wa ofisini aliyeahidi kutuletea nguzo za umeme, na baba mkwe aliutaka umeme ule kuliko alivyonitaka mimi nyumbani kwake. Kiti cha mjomba akampa bwana wa nguzo.

Nilikuwa nimekaa kitandani na kitambaa chekundu kichwani, sioni kitu, lakini masikio ninayo.

"Shemeji," baba mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachofanya, "wewe ni wa nyumbani, utaelewa. Na tena wewe ni mgeni wa jimbo jingine. Huyu bwana ni wa jimbo letu. Keti hapa pembeni."

Nikasikia vijiti vinawekwa mezani, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Sawa," alisema Mjomba Ge. "Mgeni wa jimbo jingine anarudi jimboni kwake. Na mguu wangu haukanyagi Shanxi tena mpaka naingia kaburini."

"Na wangu ukikanyaga Hebei," baba mkwe akajibu mbele za watu wote, "basi ukatike!"

Kwetu kiapo cha mezani mbele ya wageni hakitanguki kwa kusema nilikuwa natania. Mjomba akashuka korongo na koti lake jipya bila kuonja hata andazi moja la mtama mnato, na ndilo andazi la harusi, linakaangwa siku hiyo mpaka nyumba nzima inanukia. Nililia chini ya kitambaa changu. Watu walidhani ni haya za bibi harusi.

Nguzo za umeme? Zilianza kusimamishwa Hebei. Sisi tulikaa na taa za mafuta mwaka mzima zaidi, na Mjomba Ge, mungu amsamehe, alitundika balbu kubwa kwenye mti nje ya lango lake, ikitutazama sisi, akawa anaiwasha kila jioni. Haikuangaza chochote cha maana. Kule nje ya lango pana zizi tupu na mti wa aprikoti, wa yale matunda madogo ya manjano tunayokula kokwa zake. Iliwashwa kwa ajili ya macho ya shemeji yake.

"Mwone!" baba mkwe alikuwa akisema kila jioni. "Kaiwasha tena, hana haya! Anapoteza umeme wa wananchi!"

Hata sisi tulipopata wa kwetu, balbu iliendelea. Nimelea watoto wawili mbele ya balbu ile. Na kila jioni mzee alitoka kizingitini kuitukana, halafu ndipo akaingia kula.

Mama alikuwa akivuka kwa kaka yake kila mwezi na hakuna aliyemzuia. Mzee na Mjomba walikutana mara moja tu kila miaka mitano, nayo kwa amri ya serikali. Sheria inataka majimbo mawili yaukague mpaka pamoja, kwa hiyo maofisa wa huku na wa kule hupanda shingoni mwa mlima na kopo la rangi nyekundu, wanahakikisha jiwe halijahama, wanapaka upya maandishi yake, na kila kijiji hutoa mzee mmoja awe shahidi. Kwetu shahidi alikuwa Mzee Mi. Kwao, Mjomba Ge. Hakuna aliyewahi kuwachagua na hakuna aliyethubutu kuwaondoa.

Walisimama kila mmoja upande wake, ncha za viatu zikikaribia kugusana, na wakati maofisa wanahangaika na mitambo yao, wazee walikuwa kwenye kazi yao.

"Umezeeka, shemeji. Ni yale maji ya Hebei."

"Na wewe umefupika. Naona Shanxi udongo unazama."

"Mbuzi wako niliwaona juzi, nikadhani ni mbao za kufulia nguo, mbavu tupu."

"Na wewe uliwaonaje, kama balbu yangu isingewaka?"

Basi mzee alikuwa akirudi nyumbani anavimba kwa hasira na anakula bakuli tatu za tambi.

Vuli ya mwaka ninaousimulia, zilikuwa zimebaki wiki tatu hivi ukaguzi ufike. Mimi na Mama tulikuwa uani tunakata kabichi. Mzee alitoka kizingitini kama kawaida yake, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mama Junli," akaniita kwa jina la binti yangu, "Hebei imefanya nini?"

Nikatazama. Ng'ambo kulikuwa giza.

"Balbu imeungua labda, Baba."

"Atakuwa kaishiwa," alisema, na akakaa. Tukala, yeye hakula. Jioni iliyofuata giza tena. Safari hii Mama hakusubiri maoni ya mtu. Alimpigia simu jirani wa kaka yake, akasikiliza, akavaa koti.

Mjomba Ge alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alikokuwa anaanika kokwa. Hospitali walimuunga nyonga, wakamrudisha nyumbani na kusema mfupa utashika kama mgonjwa mwenyewe atataka. Mgonjwa mwenyewe hakutaka. Mwanawe yuko mbali mjini, aliajiri mama wa jirani amwangalie, na mama wa jirani alikuwa anarudi na mabakuli yamejaa vile vile. Mama alikaa huko wiki mbili. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mimi sijawahi kumwona Mama akilia, hata kwenye kitunguu.

"Amegeukia ukuta," alisema. "Namwambia kula, ananiambia nimeshiba. Nimwambie nini zaidi? Ni kaka yangu na anakwenda hivi hivi." Halafu akamgeukia mumewe. "Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Unajua nini."

"Niliapa, Guilian. Mezani. Mbele ya kijiji." Mzee alikuwa anatazama mikono yake. "Na atakuja kwenye jiwe. Hajawahi kukosa jiwe. Nitamwambia hapo hapo, kila mtu na upande wake."

"Utamwambia nini?"

"Hayo si yako."

Siku ya ukaguzi alivaa koti lake la bluu, akatutangulia mlimani. Nilikwenda naye kubeba chai ya maofisa. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la manjano kutoka kwenye matuta ya viazi. Wale wa Hebei walitokea upande wao, watatu, na pamoja nao mtu ambaye si Mjomba Ge. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, akatusalimu vizuri, akasema ametumwa na kijiji kwa sababu Mzee Ge hawezi kupanda.

Baba mkwe alimtazama yule mtu miguuni, pale Mjomba alipokuwa akisimama, kana kwamba amekanyaga kitanda cha wenyewe.

Kijana wetu wa wilayani, mgeni wa kazi hii, akachovya brashi na kuanza kuzunguka jiwe akiuliza uso upi ni wa nani. Mzee akampasukia, na mimi nilijua hasira ile si ya yule kijana.

"Mmesoma mpaka wapi ninyi? Jina unalolisoma ndilo jimbo ulilosimama! Ukisimama Shanxi unasoma Shanxi. Ukisimama Hebei unasoma Hebei. Mbuzi wangu wanajua!"

"Samahani, mzee," kijana akasema, akapaka.

Tukarudi nyumbani. Ilikuwa bado mapema, Mama alikuwa anasukuma kabichi ya mwisho mtungini. Alituona, akaona tuko wawili tu, akaelewa. Alilichukua jiwe la wazee, akawa anataka kuliweka juu ya kabichi.

"Lilete," mzee akasema.

"Nini?"

"Hilo jiwe. Lilete hapa. Na wewe, mkwe, una unga wa mtama mnato?"

"Ninao, Baba."

"Kaanga maandazi. Mengi. Kama ya harusi."

Nilimtazama Mama, Mama akanitazama. Hakuna aliyecheka, ingawa mzee alikuwa amesimama katikati ya ua amelipakata jiwe kama kichanga, maji ya kabichi yanamchuruzika kwenye koti la bluu. Nikaenda kuwasha jiko. Nilikaanga mpaka nyumba nzima ikanukia, na nakiri nilikuwa najiona bibi harusi tena, ila safari hii naona kila kitu.

Tuliteremka korongo watatu. Nilimwambia alitie jiwe kwenye gunia, nimfungie mgongoni, njia ni mbaya na yeye ana zaidi ya miaka sabini. Akakataa katakata.

"Likikaa mgongoni nitakuwa nimelipita. Huu ni mpaka. Mpaka lazima uwe mbele yangu. Ukiwa mbele yangu, mimi bado niko nyuma yake, na nyuma yake ni Shanxi."

"Kwa hiyo unakwenda na Shanxi yako," alisema Mama.

"Nakwenda nayo."

"Mpaka kwa kaka yangu?"

"Mpaka itakapofika."

"Haya, serikali ilichukua mwaka mzima kuweka mpaka huu, wewe unauhamisha kabla ya chakula cha mchana. Wakikujua watakupa cheo."

Kwenye kijito cha chini akasimama. Hapo ndipo Hebei inapoanza, kila mtoto anapajua. Alivuta pumzi, akalisogeza jiwe mbele ya kifua chake kwa mikono miwili iliyonyooka, akavuka. Mguu haukukatika. Nilimwona anautazama kuhakikisha. Upande wa pili ni mwinuko mtupu wa udongo, na alipumzika mara nyingi, kila mara akiliweka jiwe chini mbele ya vidole vyake na kukaa nyuma yake, sisi na kapu letu la maandazi tukimsubiri. Nilipotaka kumpokea alinikemea, na Mama akanivuta mkono niache.

Watu wa kijiji cha Mjomba walitoka malangoni kutazama. Walimjua. Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano walikuwa wakimwona ng'ambo kama kidoa cha bluu kinachotukana taa. Alipita chini ya balbu, akainua macho, akasema polepole, "Ni ndogo hivi?" akaingia.

Mjomba Ge alikuwa kwenye kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, mgongo kwetu, na mgongo ule ulikuwa umekwisha. Chumba kilikuwa na joto. Mama wa jirani akatoka na bakuli lake lililojaa.

"Kaka," Mama alisema, "una mgeni."

"Sina mgeni. Mwambie nimelala."

Baba mkwe alipanda ukingoni mwa kitanda. Akaliweka jiwe pale, katikati yake na yule mgonjwa, akalisawazisha kwa kiganja, akaligeuza kidogo, akatazama, akaligeuza zaidi. Alikuwa anachukua muda wake. Harufu ya kabichi ikajaa chumba.

Mjomba akanusa. "Nani kaleta mtungi?"

"Si mtungi," alisema baba mkwe. "Ni mpaka."

Ule mgongo ukatulia. Kisha, kidogo kidogo, kwa maumivu yaliyomfanya Mama aume midomo, Mjomba Ge akageuka. Alimtazama shemeji yake, koti lililolowa, mikono iliyochubuka. Alikuwa amebaki macho tu.

"Ulisema mguu wako ukatike."

"Sijakanyaga Hebei. Nimekuja na Shanxi. Nikaisogeza."

"Mpaka kitandani kwangu?"

"Ulikuwa hushuki, ningefanyaje?" Baba mkwe alichukua kapu kutoka mkononi mwangu, akafunua kitambaa. "Siku ile ya harusi uliondoka mapema. Ulisahau chakula chako. Kimepoa kidogo."

Alilitwaa andazi moja kwa vijiti. Hakulila. Akaliweka kwenye bakuli mbele ya Mjomba, akavilaza vijiti juu yake, akasubiri mikono magotini, kama watu wote wanavyomsubiri mjomba aanze.

Mjomba Ge hakugusa vijiti. Alikuwa anatazama jiwe. Alikunja macho, akasogeza kichwa kwenye mto, akatazama tena, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

"We Fulai."

"Nini?"

"Huku kwangu nasoma Shanxi." Alipumua, akapumzika, akaendelea. "Umeliweka kinyume, mjinga wewe. Mimi ndiye niko Shanxi. Wewe hapo ulipokaa ni Hebei."

Nilimtazama baba mkwe, mtu aliyemgombeza ofisa wa watu asubuhi ile ile kwa kosa hilo hilo. Hakuligeuza. Hakulitazama hata.

"Najua," alisema. "Kula, shemeji."

Na akala. Andazi moja, halafu nusu ya pili, na Mama akatoka nje haraka akisema anakwenda kutafuta siki, akakaa huko muda mrefu kuliko siki inavyohitaji. Nilipomfuata nilimkuta chini ya mti wa aprikoti, amewasha balbu mchana kweupe, anaitazama huku anajifuta macho kwa mkono wenye chumvi.

Jiwe halikurudi. Lilibaki pale kitandani majira yote ya baridi, na mzee alikuwa akivuka karibu kila siku kwenda kulikagua. Kabichi yetu ya mwaka ule ilielea, ikachacha vibaya, ikanuka. Tuliila yote.